Baiskeli ya Mwalimu wa Kusoma

Jumatatu, 8 Juni 1959

Siku kubwa! Hedimasta wetu, Bwana Were, ametusomea barua ya Bodi ya Elimu. Ijumaa inspekta anakuja kutazama Standadi ya Tatu, A na B. Atatazama afya ya watoto, kisha atawapa mtihani wa kusoma. Darasa litakaloshinda litapewa sanduku la vitabu, na mwalimu wake ataitwa Mwalimu wa Kusoma. Na Mwalimu wa Kusoma anapewa baiskeli. Mpya! Nyeusi! Na taa!

Mimi Joash Sifuna natembea kutoka Kawangware mpaka shuleni, huku karibu na Adams Arcade, kila siku ya Mungu. Soli ya kiatu cha kulia ni kadibodi. Standadi ya Tatu A ni yangu. B ni ya Twahir, mtu wa Mombasa, ambaye nikizungumza Kiswahili hufumba macho kama anayeumwa jino. Leo hakushangilia hata kidogo. Aliuliza tu watoto watasoma nini. Somo la kumi, akajibiwa, lile la Wangui na jogoo.

Baiskeli ni yangu. Sioni mtu mwingine.

Jumanne, 9 Juni

Nimepata njia! Munir, anayefundisha Pumwani, amenipa siri. Inspekta alikuwa kwao juzi. Huanza benchi la mbele karibu na mlango, kila mtoto sentensi moja, anakwenda hivyo hivyo mpaka ukutani. Habadilishi.

Basi nikahesabu. Somo la kumi lina sentensi arobaini na mbili. Darasa langu lina watoto arobaini na wawili! Nikahesabu tena, kwa kidole. Kila mtoto atashika sentensi yake moja tu, kwa moyo, kwa kufuata viti. Ya nini kumsumbua mtoto na zile nyingine?

Jioni nilipita Bazaa nikanunua kengele ya baiskeli. Lornah mke wangu aliuliza baiskeli iko wapi. Nikamwambia inakuja. Akauliza kama kwa watu wengine pia kengele hutangulia.

Jumatano, 10 Juni

Wanaimba kama kwaya! Mbele hadi nyuma, bila kukwama. Peres, mtoto mwerevu kuliko wote, alitaka kujua sentensi ya jirani yake nayo inasemaje. Nikamwambia ashughulike na yake.

Kwa Twahir, upande wa pili wa ukuta, ni ma, me, mi, kutwa nzima. Anafundisha kitabu chote, maskini! Alikuja kuomba chaki akasikiliza mlangoni. Akaniuliza itakuwaje watoto wakibadilishana viti. Nikamuuliza kwa nini wabadilishane. Akachukua chaki yake akaenda.

Wivu huo. Nimeujua tu.

Alhamisi, 11 Juni

Sasa afya. Nesi Philister aliwapima watoto mwezi wa pili, na kesho atawapima tena. Darasa lililoongezeka uzito zaidi ndilo litakalopata alama. Nimewaza njia nzima, na nilipofika Kawangware nilikuwa nacheka peke yangu. Uji!

Lornah amekubali kupika debe zima. Lakini ameweka sharti. Baiskeli ikija, siku ya kwanza nimbebe mpaka kliniki, maana miezi yake saba imemlemea na amechoka kutembea. Nimeapa. Aliniangalia sana. Lazima nishinde.

Ijumaa, 12 Juni

Naandika hata viatu sijavua.

Asubuhi mambo yalikuwa matamu mno. Kila mtoto vikombe vitatu. Odhiambo, yule wa benchi la mbele, vitano, kwa hiari yake. Nesi Philister aliniuliza awapange kwa rejista au namna gani. Nikamshauri kwa kimo, warefu mbele, ili inspekta akitupa jicho aone afya tupu. Akanisifu! Wakapimwa. Pauni mbili juu, tatu juu, Odhiambo nne! Nesi alikuwa anapima tena na tena, haamini. Nikaipapasa kengele mfukoni.

Inspekta akasema waingie darasani kwa mstari ule ule, waketi, asipoteze wakati. Nami nikasema ndiyo, Bwana. Nilisema ndiyo! Nilikuwa bado najumlisha pauni.

Akafungua kitabu, akamnyooshea kidole mtoto wa kwanza. Mtoto akasimama, akasoma kwa sauti safi:

Mjomba akafika kutoka safari.

Wa pili: Wangui akamchinja, akamtia sufuriani.

Wa tatu: Wote wakala, wakashiba, wakamshukuru Mungu.

Wa nne: Akaruka juu ya paa, akawika.

Inspekta alivua miwani. Hapo uji nao ukaanza kazi yake. Mkono mmoja juu, kumi juu, wakatoka mbio wakiruka mabenchi. Odhiambo hakuomba hata ruhusa. Wakabaki kumi na tisa.

Inspekta akamwendea Peres, akamsogezea kitabu, akamwonyesha mstari kwa kidole. Kwa upole kabisa. Peres akautazama, akanitazama mimi.

"Hiyo si yangu, Bwana," akasema. "Hiyo ni ya Odhiambo, na Odhiambo ameenda chooni."

Nikaegemea ukuta, na kengele ikalia.

Jumatatu, 15 Juni

B wameshinda. Watoto wa Twahir walisoma kwa kukwama, lakini walisoma, hata somo la ishirini ambalo hakuna aliyewatajia. Peres alilia. Alisema angeweza kujifunza zote arobaini na mbili kama ningemruhusu. Nasema wazi, niliona aibu, karibu mpaka saa nne.

Nesi naye ameandika kwamba matumbo yale hayakuwa ya kawaida. Darasa zima litakunywa dawa ya minyoo, na mwalimu atangulie kuonyesha mfano. Nimetangulia. Mbaya sana!

 Jioni Lornah aliiweka kengele juu ya kabati.

Ijumaa, 19 Juni

Twahir amepanda baiskeli mpaka Kawangware. Si kwangu! Kwa Lornah! Alimpeleka kliniki akamrudisha, polepole, akikwepa mashimo. Lornah amesema ni mtu wa heshima, ila baiskeli yake haina kengele. Akampa yangu.

Jumanne, 23 Juni

Furaha! Barua ya Bodi, yenye jina langu juu! Nimechaguliwa! Ni kozi ya wiki mbili mjini, kwa walimu ambao madarasa yao hayasomi. Bwana Were aliisoma kwa sauti ya msiba, sijui kwa nini. Mwishoni kuna mtihani, na atakayekuwa wa kwanza atapewa sanduku la vitabu kwa darasa lake. Peres alinisikia nikimwambia Bwana Were kwamba sanduku hilo ni letu, akanishika mkono. Nikamwahidi.

Jioni nilikimbia mpaka Pumwani kwa Munir, ambaye alikwenda kozi ile mwaka jana. Mtihani ni wa kusoma kwa sauti, mwalimu mmoja baada ya mwingine, kwa kufuata viti. Ukurasa ni ule ule kila mwaka.

Nitaketi kiti cha saba kutoka mlangoni. Sentensi yangu nimeshaikariri.