Kompyuta Kumi na Mbili za Kituo Shirikishi

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, ambaye ametuma udhuru. Ndugu Mwakilishi wa Mgeni wa Heshima, ambaye tunaambiwa yuko njiani. Ndugu Kaimu wa Mwakilishi, ambaye ni mimi mwenyewe. Wenyeviti, makamu wenyeviti, na wenyeviti wastaafu ambao bado hawajarudisha mihuri. Masheikh na wachungaji. Akina mama mlioshona sare kwa ajili ya hafla hii. Wajumbe kutoka mitaa ya Kayole na Lucky Summer mliofika hapa Pumwani kuunga mkono teknolojia. Vijana mliosikia kuna soda. Mabibi na mabwana, hamjambo? (Hatujambo.) Nasema, hamjambo? (Hatujambo, kwa uchovu.)

Kwa jina naitwa Kivuva, ingawa mnanijua, Mwenyekiti Mtendaji wa Kamati Tekelezi ya Programu Jumuishi ya Kukuza Sekta ya Vyombo vya Habari Shirikishi Ukanda wa Eastlands, na nimesimama mbele yenu mwaka huu wa tisini na sita kufungua rasmi Kituo chetu. (Makofi, safu ya mbele.) Mwananchi wa kawaida atauliza, vyombo shirikishi ni nini? Ni swali zuri, na kamati ilikaa semina ya siku tisa Naivasha ikilijibu. Redio inasema nawe unanyamaza, lakini chombo shirikishi kinasema, nawe unabonyeza, nacho kinakujibu kulingana na ulivyobonyeza, kama ndoa. (Kicheko cha akina mama.) Michezo ya kompyuta na masomo ya diski ndiyo ajira ya karne ijayo, na wataalamu wetu wa fizibiliti, yaani upembuzi yakinifu, wamethibitisha kwamba ifikapo mwaka elfu mbili kijana wa Kayole atakuwa anaunda mchezo asubuhi, na kijana wa Japani anaucheza jioni. (Sauti kutoka nyuma: Mzae, ingia kwa pointi.) Naingia, kijana, pointi ni nyingi.

Naona Mama Fartun wa Majengo amesimama. Kaa tu, mama, maswali ni mwisho. (Hakai.)

Kwa wageni wasiomfahamu, Mama Fartun ni mfanyabiashara wa nguo, na nyuma ya duka lake alikuwa na chumba chenye televisheni moja na mashine moja ya gemu, ambapo watoto wa mtaa walikuwa wakiandika majina kwenye daftari na kungoja zamu, na nasikia chumba hicho ndicho kilichokuwa kikiwasomesha binti zake wawili. Sasa kamati, baada ya mashauriano mapana, iligundua kwamba mama huyu anafanya bila kibali kazi ileile ambayo sisi tulikuwa tunapanga kuipanga. Kwa hiyo mwaka jana, bila chuki yoyote, tuliichukua mashine pamoja na daftari kwa ajili ya uwianishaji, na tangu hapo amekuwa akifika ofisini kila Jumatatu, jambo linaloonyesha mwamko mkubwa wa wananchi. (Minong'ono.)

Baadaye wafadhili wakaandika barua kwamba wanakuja kukagua vifaa walivyotulipia. Kiongozi mwingine angebabaika. Mimi nilimwita Ndugu Mativo, fundi wetu wa vinyago. Simama wakuone, Mativo. (Anasimama nusu.) Nilimkatia picha ya kompyuta kutoka kwenye katalogi, nikamwambia anichongee kumi na mbili za mfano huo. Na mnawajua mafundi hawa, ukiwapa sampuli hawapunguzi wala hawaongezi. Kumbe katika ile picha palikuwa na mkono wa mtu juu ya kibodi. Basi Ndugu Mativo akaniletea kompyuta kumi na mbili za mti wa jakaranda, zimepigwa msasa zikang'arishwa kwa rangi ya viatu, na kila moja ina mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko, umevaa saa. (Kicheko kirefu.) Nilipomuuliza, alisema ndivyo sampuli ilivyokuwa, na kwamba saa ndizo zilizomchosha zaidi.

Msicheke, mkono ule ulituokoa. Tulizipanga katika chumba cha kuazima, tukawaambia wafadhili sakafu bado haijakauka, tukashusha pazia nusu, wakachungulia kutoka mlangoni, wakaandika katika ripoti yao kwamba kompyuta ni kumi na mbili, watumiaji ni kumi na wawili, na matumizi ni asilimia mia moja. Wakasifu nidhamu pia, kwa sababu hakuna mtumiaji hata mmoja aliyeacha kazi yake kuwatazama. Tuliambatisha orodha ya vijana mia nne na kumi na saba ambao maisha yao yameguswa moja kwa moja na programu, kila mmoja kwa jina na siku aliyohudumiwa. (Sauti: Jina langu lilifikaje huko?) Utaratibu, kijana.

Haya, Mama Fartun, sema basi, miguu isikuume.

(Mama Fartun: Mheshimiwa, mimi sitaki hotuba. Nataka mashine yangu. Wasichana wangu wako nyumbani kwa kukosa karo, huu ni muhula wa pili.)

(Watu wanageuka kumtazama Mwenyekiti.)

Nimekusikia, mama, na kweli inaniuma. Ondoa wasiwasi, mashine yako haina hata mkwaruzo. Iko sebuleni kwangu, na wanangu wanaifanyia majaribio kila siku wakitoka shule.

Ndugu wananchi, nikisema Eastlands, semeni Bonyeza! Eastlands! (Sauti tatu: Bonyeza.) Nikisema Kituo, semeni Chetu! Kituo! (Sauti moja, ya karani wa Mwenyekiti: Chetu.)

Nawashukuru wafadhili kwa imani yao. Namshukuru Ndugu Mativo kwa vifaa. Na zaidi ya wote nakushukuru wewe, Mama Fartun, maana jengo halikujengwa, kompyuta ni mbao, na yale majina mia nne na kumi na saba tuliyanakili kutoka kwenye daftari lako la zamu. Sasa nikikurudishia mashine leo, mama, mimi hapa nitakuwa nimefungua nini?