Dubwana la Macho Saba Mbele ya Idara

Umma unatangaziwa kwamba Idara ya Usimamizi wa Raha za Usomaji haijawahi kuchelewesha kitabu chochote. Kitabu kinachosemwa mitaani kilikuwa kwenye mchakato. Mchakato na kuchelewa ni vitu viwili tofauti, na mimi, Naibu Mkurugenzi, nimeombwa nieleze tofauti hiyo. Aliyeniomba simkumbuki, lakini nimeombwa.

Mambo yalianzia shule ya msingi iliyo nyuma ya ofisi yetu. Taarifa zilitufikia kwamba kengele ya mapumziko inalia na watoto hawatoki maktaba. Wamekaa chini, mwalimu wa maktaba anawasomea habari za dubwana lenye macho saba, ambalo binti mmoja kalificha ndani ya tangi la maji. Kila linapodanganywa, jicho moja linajifumba na halifumbuki tena. Watoto walicheka, walishika mashavu, mmoja alionekana akilia kwa raha. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na kibali.

Tukakichukua kitabu. Nakala ilikuwa hiyo moja tu. Idara ikatamka kwamba kikithibitika kuzidisha raha, maktaba itafungwa Ijumaa, na chumba kitumike kuhifadhi mafaili yetu, ambayo kwa sasa yanalala kwenye korido kama wagonjwa.

Mwalimu wa maktaba ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Alifika asubuhi ileile, bila miadi.

"Shem, nirudishieni kitabu. Tumeishia pabaya."

"Kiko kwenye mchakato."

"Nina watoto arobaini wananiuliza. Na mkikifunga kile chumba hawana pengine. Makwao vitabu hakuna."

"Shemeji, undugu tuuache getini."

"Nimeuacha. Ndiyo maana sijamwambia dada."

Nikampa kiti haraka.

Sasa, kazi hii ina hatari zake. Afisa akisoma kitabu kizima anaweza kufurahi, na afisa aliyefurahi hawezi kutoa uamuzi wa haki. Kwa hiyo Mkurugenzi, mtu ambaye kichwa chake hakilali, akaagiza kitabu kikatwe sura zake saba. Maafisa saba, kila mmoja sura moja, aisome peke yake mlango ukiwa umefungwa, kisha ajaze fomu kwamba hakufurahi. Mimi nilipangiwa sura ya tatu. Mkurugenzi alijipangia ya saba, kwa kuwa mwisho wa jambo ni wa mkubwa.

Sura yangu ilianza dubwana likiwa na macho matano, ikaishia bibi mmoja kaweka mguu kwenye ngazi ya tangi, anataka kufungua mfuniko. Niligeuza karatasi ya mwisho mara tatu. Nyuma hakuna kitu. Nilijaza fomu kwamba sikufurahi, na huo ulikuwa ukweli mtupu, maana nilikuwa na hasira.

Kufikia Jumatano ofisi ilikuwa imesimama. Nilimkuta katibu muhtasi, mwenye sura ya nne, amembana mtu wa masjala, mwenye sura ya sita, kwenye ngazi.

"Kwako lina macho mangapi?"

"Mawili. Kwako?"

"Manne. Sasa hapo katikati kadanganya nani?"

"Nasikia ni mjomba. Ila mwenye sura ya tano kachukua likizo ya ugonjwa, na kaondoka nayo."

Niliwakemea vikali kwa kupoteza muda wa umma. Kisha nikamvuta katibu muhtasi pembeni.

"Yule bibi alifungua mfuniko?"

Akaangalia saa yake. "Naibu, hiyo ni siri ya sura."

Alhamisi Mkurugenzi aliniita, akafunga mlango mwenyewe. Hakuwa amelala.

"Naibu, hili dubwana lina jicho moja. Moja tu. Mengine wameyafanya nini?"

"Sina mamlaka ya kujua, mzee."

"Nani anajua?"

Aliyeijua hadithi nzima alikuwa shemeji. Akaitwa, akaketi, akakataa chai.

"Mimi sisimulii," alisema. "Kitabu kinasomwa. Njooni kesho na vipande vyenu, kila mtu asome chake mbele ya watoto."

"Hilo halimo kwenye utaratibu," alisema Mkurugenzi.

"Basi kaeni na vipande vyenu."

Ijumaa tulikwenda sote saba, pamoja na mgonjwa wa sura ya tano, mzima kabisa. Tuliketi kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa videvu. Zamu yangu ilipofika nilimsoma yule bibi kwa sauti nyembamba. Watoto wakacheka mpaka wakalaliana, na mimi nikafurahi. Nilifurahi sana, na iandikwe hivyo.

Mkurugenzi akasoma mwisho. Dubwana linarudishwa mtoni na jicho lake moja, linamuuliza binti kama atakuja kuliona tena. Binti anajua hataweza. Hapo Mkurugenzi akaisogeza karatasi karibu na uso.

"Akaliambia, hapana," alisoma. Na yale macho sita yakafumbuka, moja moja, yakamtazama.

Mkurugenzi akatoa leso. Kwa mujibu wa taarifa rasmi, lilikuwa vumbi.

Binti mmoja wa mstari wa mbele, vidole vimejaa wino, akanyoosha mkono.

"Mzee, maktaba yetu mnaifunga?"

Nimefanya kazi na Mkurugenzi miaka kumi na moja. Jibu la swali la namna hiyo ni kwamba suala linafanyiwa kazi. Safari hii hakulitoa.

"Barua ya kuifunga nilishaisaini," alisema. "Jumatatu."

"Kabla hujasoma?"

"Kabla sijasoma."

"Iko wapi?"

Akanigeukia mimi. Watoto arobaini nao wakanigeukia. Nilitaka kusema nimeiacha ofisini. Ilikuwa kwenye mfuko wa koti langu. Nikaona aibu, aibu hasa, nikaitoa.

Yule binti akaisoma yote, kidole kikifuata mistari, mpaka kwenye muhuri. Akampa Mkurugenzi.

"Hii mbaya," alisema. "Andika nyingine."

Mkurugenzi akaomba kalamu.