Mistari ya Chaki ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu kapata chumba cha kushonea. Jumamosi mwalimu mkuu anakuja kukikagua. Akiridhika, sare za shule nzima ni zetu. Kasoro ni sakafu: saruji yenye vinundu na madoa ya rangi ya zamani. Mke alitaka kumwita kaka yake, fundi sakafu wa miaka ishirini. Nikasema kusukuma mashine si kazi ya kumsumbulia mtu mzima. Shemeji kaniazima mashine yake ndogo ya kusagia sakafu, kimo cha kiti. Kisha kachora mistari ya chaki sakafu nzima. Mstari ukibaki, kasema, hapo hujasaga, na rangi haitashika. Ikiisha yote, paka rangi. Yaani haniamini. Ana haki, lakini angeficha kidogo.

Jumanne, 4 Machi
Mashine ndogo, kiburi kikubwa. Ilinivuta kama mbuzi anayerudi zizini. Simu ikaita, nikasimama kuongea, yenyewe ikaendelea kusaga palepale. Sasa kuna shimo la ukubwa wa sahani. Nimeweka boksi juu yake. Mgongo umegoma. Nusu ya mistari bado.

Jumatano, 5 Machi
Nimeitazama ile mistari. Chaki. Nikatazama ndoo. Kitambaa kibichi, dakika kumi, chumba hakina mstari hata mmoja. Shemeji kaja, kauliza mbona pamelowa. Nikasema nimeosha vumbi. Kanishika bega: "Leo umenishangaza, shemeji." Aibu ilinijia wakati wa chakula. Nikaongeza mchuzi, ikapita.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeziba shimo kwa rangi nyingi. Chumba kizima kijivu, kinang'aa. Mke kakiri kwamba alinidharau bure. Nikamwomba arudie mbele ya kaka yake. Akarudia.

Jumamosi, 8 Machi
Vyerehani vimeletwa asubuhi. Wabebaji waliburuta kimoja chini ya dirisha, rangi ikafuata miguu yake kama ganda la kitunguu. Cha pili kikakaa juu ya shimo. Mke akajaribu kushona huku anayumba kama yuko kwenye bembea. Mwalimu mkuu kaondoka na kipande cha rangi yangu kwenye soli. Kasema atarudi Alhamisi, mara ya mwisho, na asiporidhika atatafuta mshonaji mwingine. Mke hakunigombeza. Alibandua rangi yenye upana wa leso, akaikunja vizuri kama nguo iliyopigwa pasi, akaniwekea mapajani.

Jumapili, 9 Machi
Hukumu imetoka: shemeji ataziba shimo, mimi nitasaga upya kila palipobanduka. Kachora mistari mingine, safari hii kwa kalamu ya nta. Hii haifutiki kwa maji, kasema, akinitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
Nimesaga robo saa. Mgongo uleule. Nimempigia fundi rangi, nikamuuliza, kwa kutaka kujua tu, nta hutolewa na nini. Mafuta ya taa, kasema.
Tunayo nusu chupa jikoni.