Kisicho na Namba si Historia

Kwa niaba ya Baraza la Kanisa la Kinorwei la Mtakatifu Sunniva, hapa bandarini Blyth, nina heshima kuutangazia umma kwamba kanisa letu limerejeshwa rasmi katika uasilia wake. Kazi ilikamilika kabla ya sikukuu yetu ya taifa, Mei Kumi na Saba, kama ilivyopangwa. Kuhusu nani alisimama wapi siku ya kazi hiyo, na alishika nini mkononi, mimi kama Katibu nitaeleza kwa utaratibu.

Kanisa hili halikujengwa hapa. Lilijengwa kwetu Norwei, huko Hardanger, likabomolewa, kila gogo likachongwa namba kwa shoka, likapakiwa melini pamoja na nguzo za migodi ya makaa. Mabaharia wakaja kuliunganisha upya kwenye gati hili la Waingereza. Waliweka vichwa vya majoka juu ya paa ili kumfukuza shetani, wakapaka ukuta lami ili kuifukuza mvua. Shetani sijui, lakini mvua inaingia.

Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Halvard Brekkhus, alistaafu kwenye bima za meli na tangu hapo hajapata wa kumsumbua ila sisi. Ofisi yake iko ubavuni mwa madhabahu. Ina zulia, kipasha joto na dirisha linalotazama bahari. Majira ya baridi yaliyopita alihudhuria kongamano la majengo ya kale, akarudi na dira. Dira hiyo ilipitishwa na Baraza kwa kauli moja: kila chenye namba ya wajenzi kibaki, kila kisicho na namba kiondolewe. Kwa kifupi, kisicho na namba si historia.

Athari za dira zilikuwa ndogo mno. Ni jiko tu lililotakiwa kuondoka.

Jiko liko nyuma, na Alhamisi ni la Gunnvor Tveiten, mjane wa baharia. Huoka vafler, ile mikate laini yenye umbo la mioyo, akaipaka jamu na jibini ya kahawia, na wazee wetu wote waliobaki bandarini huja kula. Mmoja wao ni Torleif. Huyu aliishi na Waingereza miaka hamsini, akaoa kwao, akazaa kwao. Kisha akapata kiharusi, na alipoamka hospitalini Kiingereza chote kilikuwa kimemtoka, kimebaki Kinorwei cha utotoni. Mwanawe wa kumzaa huongea naye kwa ishara za vidole. Wiki nzima Torleif huwa bubu. Alhamisi haambiliki, maneno yanamtoka mpaka kahawa inapoa.

Mwenyekiti alikwenda mwenyewe kutoa taarifa, nami nikiwa nyuma yake.

"Mama Gunnvor," akasema, "jiko hili si sehemu ya usanifu."

"Si sehemu ya nini?"

"Usanifu. Limebandikwa baadaye. Angalia, kuta zote vigae."

"Na wewe una meno ya kubandika, Halvard. Mbona hatujakubomoa?"

Niliandika kwamba mdau ameomba ufafanuzi.

Gunnvor akazima jiko, akakaa. "Haya, niambie. Alhamisi huyu Torleif ataongea na nani?"

Mwenyekiti akafikiri kwa dhati. "Tutaweka bango la maelezo," akasema. "Kwa lugha mbili."

Nilisema ni wazo zuri sana. Iliniuma, lakini nilisema.

Lilijitokeza suala moja dogo la kitaalamu. Pale kanisani, penye mabenchi, magogo yanaanzia namba ishirini na tatu. Mjumbe mmoja aliuliza ya kwanza yako wapi. Mwenyekiti alifafanua kwamba wajenzi wetu walikuwa watu wanyenyekevu, hawakupenda kujitanguliza. Baraza liliridhika, na mjumbe akashauriwa apumzike.

Ndipo ikaitishwa dugnad, yaani msaragambo wetu. Kwetu mtu anaweza kukataa ubatizo na bado akasalimiwa, lakini asiyetokea kwenye dugnad atasemwa hadi wajukuu wake waoe. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi tulifika wote. Mwenyekiti alikuja na ovaroli iliyopigwa pasi na mpiga picha wa gazeti, akapewa mtaimbo, akasimama mbele ya ukuta wa jiko. Gunnvor alikuwa ameshafunga vyombo vyake kwenye maboksi. Torleif alikaa juu ya boksi moja, kofia magotini.

Mwenyekiti akabandua kigae cha kwanza. Nyuma yake palikuwa na gogo. Kwenye gogo palikuwa na namba moja.

Akabandua cha pili, bila tabasamu. Namba mbili. Watu wakaacha kumngoja, wakasaidia, na ukuta ukahesabu wenyewe mpaka ishirini na mbili, nyuma ya tangi la maji.

"Mabaharia walisikia baridi," Gunnvor akasema. "Mtu akishuka melini Januari anataka kahawa kwanza. Mahubiri baadaye."

"Kwa hiyo kisicho na namba ni kipi?" akauliza yule mjumbe aliyeshauriwa apumzike.

Tuligeuka tu, wote kwa pamoja, kuelekea ubavuni mwa madhabahu.

Mwenyekiti alituwahi. Tulimkuta amepiga magoti, amekunja zulia, anapapasa ukuta chini ya dirisha. Ukuta ulikuwa wa jipsamu, hauna gogo wala namba.

"Ofisi ina umuhimu wa kiutendaji," akasema kutoka pale sakafuni. "Katibu, soma azimio. Lazima lina kifungu cha dharura."

Nililisoma lote, kwa sauti, pamoja na sahihi ya Mwenyekiti. Halikuwa na kifungu cha dharura. Nakiri nililisoma taratibu kuliko ilivyohitajika, na nilifurahi.

"Anza basi, Halvard," Gunnvor akasema. "Watu wana njaa."

Na kwa kuwa ilikuwa dugnad, na gazeti lilikuwepo, alianza.

Kufikia saa nane ofisi ilikuwa kifusi, na mwanga wa bahari uliingia hadi madhabahuni. Gunnvor akafungua maboksi, akaoka. Viti vilijaa upesi. Mwenyekiti alizunguka na sahani yake, mweupe kwa vumbi, hana pa kukaa, mpaka Torleif akamsogezea boksi. Alipokaa, Torleif akamvuta ukosi wa ovaroli na kumchungulia shingoni, kisha nyuma ya sikio moja, kisha la pili.

"Huyu naye hana namba," akamwambia Gunnvor. "Tumtoe?"

"Mwache kwanza," Gunnvor akasema. "Kuna sahani za kuosha."

Baraza liliafiki kwa kauli moja.