Herufi za Baba Zilizopotea Wiki ya Faka Me

Jumatatu, 28 Aprili

Feleti kachukua mwavuli wangu tena. Hakuomba. Aombe nini? Yeye ni mtoto wa shangazi, na hapa Tonga mtoto wa shangazi akitaka kitu chako anakichukua, nawe unatabasamu. Nimetabasamu mpaka taya zinauma. Nimefika nyumbani nimelowa chapachapa.

Na Shangazi Lesieli kamsifu mbele ya wateja! Eti tangu Feleti aweke ile programu ya kupanga fonti, kompyuta ya duka letu la uchapaji imepona. Zamani ukiiwasha unachemsha chai, unakunywa, unaosha na kikombe, bado inajikongoja. Wanasema kosa ni langu, kwa kuwa kila fonti ya bure niliyoiona mtandaoni niliitia humo. Sasa zimepangwa makundi makundi. Unaiwasha unayoitaka, nyingine zinalala. Lo, jambo dogo hilo! Hata mimi nilikuwa njiani kulifikiria.

Jumatano, 30 Aprili

Dawa yake nimeipata. Feleti anatengeneza bango la klabu ya raga, herufi za madoido matupu. Zimo katika kundi alilolipa jina lake mwenyewe. Majivuno hayo! Nikilizima, bango litatoka na herufi za kawaida, kama tangazo la mbwa aliyepotea. Hapo Shangazi atajua fundi ni nani. Kesho Feleti anakwenda bandarini kuchukua karatasi. Nitabofya.

Alhamisi, 1 Mei

Nimebofya. Bango likawa kituko. Nikacheka peke yangu.

Kisha Shangazi akafungua kwenye kompyuta karatasi za Faka Me, Jumapili ya watoto kanisani. Mungu wangu. Herufi za Baba hazipo!

Baba yangu Manase alikuwa mchoraji wa maandishi. Majina ya maduka, majina ya mashua, misalaba ya makaburini, yote mkono wake. Alipoanza kuugua, Feleti alikaa naye barazani, akamwomba aandike herufi moja moja, akazigeuza fonti. Tangu afe, kila Faka Me watoto wa kanisa letu wanapewa aya zao za kukariri zikiwa zimechapwa kwa herufi hizo. Shangazi hataki nyingine. Husema siku hiyo kaka yake anaongea na watoto.

Fonti hiyo aliitengeneza Feleti. Basi ilikuwa katika kundi gani kama si lake? Ebo! Kwa nini sikuwaza? Nikakimbilia kompyuta nilirudishe kundi. Halimo kwenye orodha! Nimelifuta, sijui nimelifutaje.

Shangazi aliweka mikono mapajani. Kisha akasema ni kama amemzika Manase mara ya pili. Akalia. Nami nikaenda nyuma ya printa nikajifanya natafuta waya.

Ijumaa, 2 Mei

Mbinu mpya. Nimetafuta fonti inayofanana na ya Baba, nikachapa karatasi moja, nikampelekea Shangazi kwa furaha kubwa, nikasema imerudi! Akaitazama mara moja. Akaniuliza huyu ni nani, maana Manase hakuwahi kuandika P yenye kitambi.

Jumamosi, 3 Mei

Leo Feleti kaitwa aikague kompyuta. Hakuitazama hata dakika moja. Alinitazama mimi, tena kwa muda mrefu, kisha akaizima. Akamwambia mama yake fonti ya mjomba imekwenda, na kosa ni la programu yake yeye. Sikumbishia. Mtoto wa shangazi habishiwi. Mila ni mila.

Halafu akafungua kabati akatoa brashi za Baba. Zimeshaoshwa! Wino tayari! Akasema mkono pekee ambao mjomba aliushika akaufundisha ni wangu mimi, Penisimani, basi Penisimani aziandike. Thubutu! Tangu mazishi sijagusa brashi, na kila mtu anajua. Shangazi akasema, mwanangu, andika. Shangazi akisema andika, unaandika.

Karatasi ya kwanza niliiharibu yote. Ya pili nusu. Kisha mkono ukaenda wenyewe, ukainuka kidogo kabla ya kona, vilevile kama Baba. Shangazi alisimama nyuma yangu. Akasema maji hufuata mkondo. Akalia tena, ila kilio hiki kilikuwa kingine. Na mimi nililia. Nikasema ni harufu ya wino.

Tulimaliza kabla ya jua kuzama, maana Jumapili hapa hafanyi kazi hata kuku. Feleti alikula lu yangu yote, nyama, majani na tui lake.

Jumapili, 4 Mei

Kanisani watoto wote wamevaa nguo nyeupe pee. Binti yangu Fusi, ambaye hakumwona babu yake, aliipeleka karatasi puani, akaniuliza kama Babu ndiye aliyeandika. Nikamwambia ni baba yako. Akasema hapana, ni Babu. Alisimama mbele ya kanisa akaisema aya yake kwa sauti ya jogoo, na Shangazi akalowesha leso mbili.

Jumatatu, 5 Mei

Maajabu! Nimewahi dukani, nikaona juu ya orodha kitufe kinachosema onyesha fonti zilizowashwa tu. Nimekizima. Kundi la Feleti lile pale, limelala, na Baba katikati! Nikaliwasha. Nikaandika jina langu kwa herufi za Baba, nikakaa nikilitazama.

Lakini huyu Feleti! Fundi mzima, kitufe kikubwa kama gimbi, hakukiona! Namhurumia kweli. Na brashi je, nani aliyeziosha mapema hivyo? Shangazi, bila shaka.

Sasa Feleti anataka nikae naye barazani niandike herufi moja moja, atengeneze fonti ya mkono wangu. Kasema wajukuu wataihitaji. Wivu huo, anataka kushiriki sifa zangu! Nimekubali. Nitaandika vizuri mpaka aone haya.

Mvua imeanza. Dirishani mwavuli wangu unapita, Feleti chini yake, anapiga mluzi. Nimelizima kundi lake. Fonti ya Baba niliitoa humo kwanza.

Nadhani.