Kucha Yangu Kwenye Ugali wa Bibi Harusi

Leo nimeaibika mbele ya ukoo mzima. Nasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa wambea.

Mnajua nina saluni hapa Kasulu, na siku hizi nahubiri jambo moja: acheni kucha za kubandika za akriliki, njooni kwenye rangi ya jeli. Akriliki inasagwa kwa msasa mpaka kucha yako inabaki nyembamba kama karatasi. Naongea kwa uchungu, maana zangu zimeshaisha hivyo. Nazifichaje? Kwa akriliki. (Ndiyo, najua.) Juu nimepaka rangi ya jeli, nani atachunguza?

Asubuhi nikaenda Kabanga kwa Zawadi, bibi harusi mtarajiwa. Sendofu, sherehe ya kumuaga kwao, ni Jumamosi. Yeye, mama yake na mashangazi watano, wote watu wa akriliki. Nikiwakosa hawa, taa ya kukaushia jeli niliyoagiza Kigoma itabaki pambo la meza.

Nikahubiri. Nikanyoosha vidole. "Tazameni, jeli tupu hii. Nafua, nalima, haibanduki."

Shangazi mkubwa akanishika mkono, akaugeuzageuza. "Tutaona. Kwanza ule, mwanangu."

Ukaja ugali wa muhogo na samaki aina ya mgebuka, sinia moja, tukalizunguka sote. Kuomba kijiko pale ni kuwatukana wenyeji. Sasa, ugali wa muhogo wa huku unanata, tena unavuta. Nikamega kwa maringo ili kucha zionekane. (Maringo yangu haya!) Tonge likaja. Kidole cha kati kikaja uchi. Kucha imebaki kwenye ugali, imesimama wima, nyekundu, inameta.

Wote wakaacha kutafuna.

"Dada," Zawadi akauliza taratibu, "hiyo ndiyo haibanduki?"

Shangazi akaichomoa, akaikwangua rangi. "Akriliki hii. Siwezi kuikosea, ninazo kumi." Kisha akakitazama kidole changu, kucha ya njano imechanika katikati. "Mwanangu, na wewe ndiye umekuja kutuokoa?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mama Zawadi alicheka mpaka akatoka nje kushika ukuta. Sinia likaondolewa, ukasongwa ugali mwingine, na mimi nikaletewa kijiko.

Kilichonimaliza ni hiki: wote saba wamehamia jeli. Mahubiri yangu hayakumgusa hata mmoja, kidole kimewagusa. Shangazi ameagiza Jumamosi nije nacho vilevile, kisifunikwe, awaonyeshe na wageni.

Anayetaka kucheka, atume kwanza picha ya kucha zake bila rangi.