Shavu Langu Chini ya Ninja ya Wifi

Leo nimeadhirika. Na nimeadhirika nikiwa nimejifunika uso, jambo ambalo sikujua kwamba linawezekana.

Kwa msionijua: mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea hapa Mambrui. Napita nyumba kwa nyumba nikiwahimiza wajawazito waende kliniki, na somo langu kubwa ni meno. Nina meno ya plastiki makubwa kama ya punda, na mswaki wa kuyasugulia. Watu huniita Mwalimu Meno. Nami mwenyewe nina mimba ya miezi sita, kwa hivyo nafundisha kwa mfano. (Mfano gani, mtauona.)

Wiki ya tatu sasa jino langu la nyuma, upande wa kushoto, halinipi raha. Lilipasuka kwa kokwa ya mabuyu. Ndiyo, mabuyu, yale mekundu ya sukari ninayowakataza wenzangu. Mimba hii imenipa uchu wa mabuyu, nifanyeje? Nikaweka karafuu. Nikasukutua maji ya chumvi. Kwa daktari sikwenda, kwa sababu mbili. Ya kwanza, mavyaa wangu, mama wa mume wangu, Bi Zainabu, anaamini mwenye mimba hang'olewi jino: jino likitoka, na mtoto hutoka. Ya pili, mimi naogopa sindano. Hiyo ya kwanza naipinga hadharani kila Alhamisi. Ya pili sikuwahi kumwambia mtu mpaka leo.

Na leo ndiyo siku daktari wa meno alikuja kutoka Malindi kuwatazama wajawazito pale zahanati. Nani aliyewaalika wajawazito? Mimi. Mmoja wao ni Kadzo, msichana wa huko mashambani, mimba yake ya kwanza, fizi zinamtoka damu na jino limeoza. Nilimwendea mara nne. Hataki. Mara ya nne nikamwambia, "Mdogo wangu, mimi mwenyewe nimeng'olewa jino, na mimba yangu hii hii. Sikuhisi kitu." Uongo mtupu! Lakini akakubali kuja.

Asubuhi naamka, naangalia kioo. Lahaula! Shavu limevimba, mdomo umevutwa upande. Sasa nitasimamaje mbele za watu na shavu hilo, nifundishe usafi wa kinywa?

Akili ikanijia (akili ya mwenye kosa huja mbio). Wifi yangu Rukia huvaa ninja, kile kitambaa kinachofunika uso yakabaki macho. Nikaingia chumbani kwake nikachukua moja nikafunga. Vazi la watu la heshima, mimi nimeligeuza pazia la kufichia shavu. Mola anisamehe, na wifi yangu asipite huku akasoma.

Natoka tu, uso kwa uso na mavyaa uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanitazama juu hadi chini. Macho yakamlenga machozi. "Mashallah! Mashallah, mwanangu! Dua zangu zimejibiwa!"

Ningesema nini? Nikasema, "Alhamdulillahi." Huo sasa ulikuwa uongo wa pili, na hata chai sijanywa.

Basi akashika mkoba wake, ati ananisindikiza. Mwendo wa dakika kumi tuliutembea karibu saa nzima, maana kila mlango alisimama. "Mmemuona mkaza mwanangu? Amejisitiri mwenyewe, hakuna aliyemwambia!" Niliombewa dua na mtaa mzima. Nikaitikia amin kila mlango, huku jino linapwita.

Tukafika. Akina mama kama ishirini kwenye mabenchi, Kadzo yuko nyuma kabisa karibu na lango. Nikatoa meno yangu ya plastiki nikaanza.

"Pigeni mswaki asubuhi na kabla ya kulala. Ukitapika, usikimbilie mswaki, sukutua maji kwanza. Na mtoto akizaliwa, usimlishe kwa kijiko ulichokilamba, utampa vijidudu vya meno yako."

Nikaendelea. "Fizi zikitoka damu, usiseme ni mimba tu. Nenda ukatazamwe. Ugonjwa wa kinywa ukiachwa unaweza kumfikia hata aliye tumboni, akaja kabla ya wakati wake, au akaja mdogo."

Mwanangu wa kwanza alikuja kabla ya miezi yake. Kilo moja na nusu. Mwezi mzima nilikaa hospitali nikimtazama kwenye kile kisanduku cha joto, nisiruhusiwe kumbeba nitakavyo. Kilichosababisha sikijui, na sitasema ni meno. Ila najua kwamba sitaki kurudi pale. Na bado nilikuwa nimesimama na shavu bovu nawafundisha watu. Binadamu sisi!

Na niungame jambo jingine. Chini ya ile ninja, upande wa kulia uliokuwa mzima, nilikuwa namung'unya buyu. Nani angeniona?

Somo likaisha, wakanipigia makofi. Daktari, binti mdogo mwenye miwani, akatoka ndani akauliza, "Haya, nani wa kwanza?"

Kila mtu anatazama kucha zake.

Kadzo akasimama kule nyuma. "Mwalimu atangulie. Yeye ashazoea."

"Naam! Mwalimu! Mwalimu!" Benchi zote.

"Jamani, mimi nimeshatibiwa," nikasema. "Nafasi hiyo apewe mwenye shida."

"Basi tuonyeshe pengo," Kadzo akasema.

Khaa! Pengo nitalitoa wapi?

Nikababaika. Nikasema nimejisitiri, sitaki kufunua uso ovyo. Nikadhani nimeokoka. Kumbe nimesahau nimekuja na nani.

"Ah, mwanangu," mavyaa akainuka, uso umemjaa fahari, "hapa ni sisi kwa sisi, wanawake watupu. Funua tu, hakuna dhambi." Na kwa mikono yake mwenyewe akanifungua.

Ninja ikatoka. Shavu la kushoto kama andazi. Midomo myekundu kama nimepaka rangi ya harusi. Daktari akasogea, akasema taratibu, "Hebu fungua mdomo." Nikafungua. Buyu likadondoka, likagonga meno yangu ya plastiki, ta! Likabingirika hadi miguuni mwa mavyaa.

Akainama akaliokota. Akalitazama. Akalinusa.

"Mabuyu?"

Jamani, walivyocheka! Mmoja alishika tumbo akisema tumuonee huruma, asije akazalia pale. Mavyaa hakucheka. Alinitazama mimi, akaitazama ninja mkononi mwake, na nikaona amezihesabu zile dua zote za njiani. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mwingine ambaye hakucheka ni Kadzo. Alikuwa amejifunga leso vizuri, ameshika kikapu.

"Kumbe hata wewe waogopa," akasema. "Na wewe ndiye mwenye kujua. Mimi naenda zangu." Akaelekea langoni.

Daktari naye alikuwa ameshabonyeza ufizi wangu, na sura imembadilika. "Mama, hapa kuna usaha. Una homa pia. Una mimba ya miezi mingapi?"

"Sita."

"Hili halisubiri ujifungue. Likisambaa ni hatari kwako na kwa mtoto. Tulitoe leo."

"Hang'olewi!" mavyaa akapaza sauti. "Mwenye mimba hang'olewi! Ataniulia mjukuu!"

"Mama yangu," daktari akamjibu kwa adabu, "kinachoweza kumdhuru mjukuu wako ni huu usaha. Ganzi ninayotumia haimdhuru. Kama huniamini, ingia ukae naye."

Nikamuona Kadzo ameshika lango. Nikakumbuka kile kisanduku cha joto. Aibu nilikuwa nimeshaimaliza, imebaki nini?

"Kadzo!" nikaita. "Nilikudanganya. Kiti hiki sijawahi kukikalia, na sindano naiogopa kuliko wewe. Njoo unishike mkono, ujionee mwenyewe. Nikiumia, nenda zako, na mimi sitakuja kwenu tena."

Aliachia lango. Halafu akaweka kikapu chini akaja.

Basi tukaingia wanne. Daktari akanipima presha, akakunja leso akaniwekea chini ya nyonga ya kulia ili nilalie ubavu kidogo, tumbo lisinielemee. Kadzo ameshika mkono wangu. Mavyaa kiganja chake juu ya tumbo langu, anasoma dua mfululizo. Nikafumba macho. Kitu kikanigusa ufizi. Nikapiga ukelele, nje pakawa kimya.

"Mama," daktari akasema, "hii ni pamba."

(Pamba! Nimelilia pamba!)

Sindano yenyewe ilikuja baadaye, ikaniuma kidogo, mara shavu likafa ganzi. Nikasikia kuvutwa-vutwa, basi. Nilipofumbua macho jino liko kwenye sahani, na daktari ananiandikia dawa za kumaliza usaha, zile zisizomdhuru mtoto.

Na hapo hapo mtoto akapiga teke.

Mavyaa aliruka. "Yupo!" Akatoka mbio hadi mlangoni akawatangazia wote. "Jino limetoka, na mtoto yupo! Anacheza! Nimemshika kwa mkono wangu!"

Kadzo akaniachia mkono. Nikajua anaondoka. Akanitazama, akasema, "Haya, ondoka, ni zamu yangu." Nilipotoka nje, benchi zote zilikuwa zimegeuka foleni. Miezi minne nimefundisha kwa meno ya plastiki hakumwendea daktari hata mmoja, leo nimelilia pamba wanamwendea wote.

Njiani kurudi nyumbani mavyaa hakusimama kwenye mlango wowote. Tulipofika, akanyoosha mkono.

"Ninja ya Rukia narudisha mimi. Utaivaa siku utakayoitaka wewe, si siku litakayoitaka shavu. Na mabuyu yako wapi?"

Nikampa pakiti nzima. Akaingia nayo chumbani akafunga mlango. Sasa hivi ninavyoandika haya, namsikia huko ndani anamung'unya.

Hiyo ndiyo siku yangu. Nina pamba mdomoni, siwezi kujibizana na mtu. Anayetaka kunicheka na acheke, ila afungue mdomo wote, niyaone meno yake.